Kulifuatilia "sikitiko" la Isaya 53 kabla ya kuhubiri matangani

Matangani, iwe Kayole au Kangemi, Isaya 53:3 haikosi kusomwa: "Mtu wa huzuni nyingi, ajuaye sikitiko." Hapo pana maneno mawili ya Kiebrania, na wengi huyachanganya. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, "huzuni" ya mstari huo ni makhov, yaani maumivu, neno lilelile la Kutoka 3:7, "nayajua maumivu yao." "Sikitiko" ndilo holi, na ndilo tunalolitafuta.

Tenga saa moja, daftari, na simu yenye programu ya Biblia iliyotiwa nambari za Strong, ambazo hulipa kila neno la Kiebrania nambari yake. Nambari hizo zilifungwa kwenye Biblia ya Kiingereza ya King James, si kwenye Kiswahili, kwa hiyo fungua mstari huohuo kwa Kiingereza uguse neno grief. Itatokea H2483, nambari ya holi. Ukiona H4341, kidole kimeteleza kwenye makhov, rudi.

Usisome maana bado. Orodha ya maana inayotokea kando ya nambari humtia mtu tamaa ya kuzibeba zote mimbarani. Fungua kwanza mistari yote yenye holi, neno linalotokea mara 24 tu, kisha uandike kando ya kila mmoja: nani, na amepatwa na nini. Ahazia ameanguka dirishani, anatuma watu waulize kama atapona (2 Wafalme 1:2). Elisha yuko kitandani, na ugonjwa huo ndio utakaomuua (2 Wafalme 13:14). Hezekia amepona, anaandika (Isaya 38:9). Ukifika kumi hivi utakuwa umeshaona: holi ni ugonjwa wa mwili. Mhubiri 6:2 itakuvuruga kidogo, maana pale ni mtu mwenye mali asiyeila. Ni ugonjwa kwa mfano, na ni sawa.

Sasa rudi Isaya, mstari wa 4. "Masikitiko yetu" ni holi tena. Linganisha na Mathayo 8:17, anayenukuu hapohapo: "aliutwaa udhaifu wetu, na kuyachukua magonjwa yetu." "Udhaifu" ndio umesimama mahali pa holi, na Mathayo ameusoma mstari mzima kwa habari ya kuugua mwilini.

Kulitamka: h itoke kooni, karibu na kh ya "kheri", na mkazo uwe mwisho, ho-LI. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndipo linapoharibika.

Kwa familia iliyouguza miezi na bado ina bili ya hospitali, neno hili lina uzito bila kuongezewa chumvi: aliyeugua yule, ugonjwa wake umetajwa. Usiligeuze kuwa ahadi kwamba mwenye imani haugui. Elisha aliugua akafa. Wala usiseme kila "huzuni" katika Biblia ni ugonjwa. Ya Yakobo katika Mwanzo 42:38 ni yagon, neno jingine kabisa.

Ukitaka neno la matanga yenyewe, ni evel: Mwanzo 50:10-11, siku 7 za kumwombolezea Yakobo, hata Wakanaani wakapaita mahali pale Abel-Misraimu.