Jinsi ya kuomba idhini ya kuvua jodari bahari kuu: kwa wenye vyombo wa Lamu na Malindi

Kabla ya kushika kalamu, jiulize mambo mawili: chombo chako kina urefu gani, na unataka kuvua wapi? Ukanda wa kiuchumi wa Kenya unaishia maili 200 za baharini, karibu kilomita 370. Ng'ambo ya hapo ni bahari kuu, isiyo ya nchi yoyote, na jodari wake husimamiwa na mataifa kwa pamoja kupitia Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, yenye makao Victoria, Shelisheli. Kenya ni mwanachama tangu 2004.

Chombo cha chini ya mita 24 kisichovuka maili 200 hakihitaji kuingia kwenye daftari la tume la vyombo vilivyoidhinishwa. Leseni ya kawaida inakitosha, na wengi wenu mnaweza kuishia kusoma hapa. Lakini chombo cha mita 24 kwenda juu, au kidogo kinachovuka mpaka huo, kisipokuwa daftarini hakiruhusiwi kuvua jodari, kumbeba, kumhamishia chombo kingine wala kumshusha bandarini.

Tume haipokei ombi la mtu binafsi. Jina la chombo hupelekwa na serikali ambayo chombo kinapeperusha bendera yake, kwa hiyo anza na bendera. Usajili hufanywa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA. Ikiwa chombo kimenunuliwa nje, dai cheti cha kufutwa usajili wa kule kabla ya kumaliza kulipa, pamoja na majina na bendera zake zote za zamani. Tume huuliza historia hiyo, na muuzaji akishapata pesa zake zote hana haraka tena ya kukutafutia karatasi.

Sasa vipimo, na hapa ndipo faili nyingi huweza kukwama. Urefu unaotakiwa ni wa jumla, kutoka ncha ya omo (mbele) hadi ncha ya tezi (nyuma). Urefu wa usajili ulio kwenye cheti huwa mfupi zaidi. Ukiandika huo kwenye fomu moja na ule mwingine kwenye fomu ya pili, karatasi zitaonyesha vyombo viwili tofauti. Tani za usajili nazo ni kipimo cha ujazo, si uzito wa samaki unaoweza kubeba. Ujazo wa ghala la samaki huandikwa peke yake, kwa mita za ujazo. Usipime kabla fundi hajamaliza kazi.

Namba ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Bahari, hutolewa kwa chombo cha chuma au cha mbao, hata cha chini ya tani 100, mradi kiwe na injini ya ndani, urefu wa mita 12 au zaidi, na idhini ya kuvua nje ya maji ya nchi. Namba yenyewe ni bure. Anayekudai pesa anadai za mfuko wake.

Alama ubavuni hufuata kanuni za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa: alama ya mwito wa redio, ambayo kwa Kenya huanza na 5Y au 5Z, iandikwe pande zote mbili, nyeupe juu ya nyeusi au nyeusi juu ya nyeupe. Kimo cha herufi ni mita 1 kwa chombo cha mita 25 na zaidi, sentimita 80 kwa mita 20 hadi 25, 60 kwa mita 15 hadi 20, na 40 kwa mita 12 hadi 15. Unene wa mstari ni sehemu moja ya sita ya kimo. Mchoraji wa mapambo ya jahazi atataka kuzipinda zipendeze, mkataze.

Tume hutaka picha za rangi za ubavu wa kulia, wa kushoto na za omo, alama zikisomeka. Ufuo wa Malindi na gati la Lamu vinatazama mashariki, hivyo asubuhi ukisimama nchi kavu jua huwa nyuma ya chombo na herufi hutoka giza. Piga alasiri.

Funga kifaa cha setilaiti cha kufuatilia chombo kabla ya ukaguzi. Kikiwa kibovu, chombo hakiruhusiwi kuanza safari. Tayarisha pia daftari la mavuno lililojalidiwa, kurasa zikiwa na namba mfululizo. Kumbukumbu zake hukaa chomboni miezi 12 au zaidi, basi usiwaachie mabaharia wachane kurasa za kuwashia jiko.

Faili lote hupelekwa Huduma ya Uvuvi ya Kenya, KeFS, chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2016. Taja zana utakayotumia, mwenye chombo, mwendeshaji, na mwenye kufaidika hasa kama si hao. Usiombe nyavu za kuelea zinazozidi kilomita 2.5, kwani zimepigwa marufuku. Ukiomba zulumati, yaani kamba ndefu yenye ndoana nyingi, jiandae kwa masharti ya kumwachilia kasa na papa mkia mrefu.

Kupewa idhini hakumaanishi kwamba jina limeshafika Shelisheli. Daftari la tume liko wazi kwenye intaneti: litazame mwenyewe, linganisha jina, namba na tarehe za idhini na karatasi zako, na usitweke nanga kabla hujajiona humo. Wa Lamu wakumbuke kwamba idhini ya bahari kuu haifungui maji ya Somalia. Anza shughuli hii wakati wa kusi, chombo kikiwa kimepandishwa kwa matengenezo, ili kaskazi ikianza kuvuma uwe umebakiwa na kununua barafu tu.