Kupima Mahali Ulipo Ukingo wa Fizi

Daktari wa kinywa na meno akiandika kina cha mfuko wa fizi (nafasi iliyo kati ya fizi na jino) peke yake, atakuwa amepima nusu tu ya ugonjwa wa fizi. Kina hicho huhesabiwa kuanzia ukingo wa fizi, na ukingo wenyewe huhama: fizi ikivimba husogea kuelekea taji (sehemu ya jino inayoonekana), ikisinyaa hurudi kuelekea mzizi. Alama isiyohama ni mstari ambapo enameli ya taji hukutana na mzizi, nao ndio wa kupimia.

Ondoa kwanza ugaga uliofunika mstari huo, kisha kausha fizi, kwa sababu mate yanayong'aa huficha ukingo. Kipimio, kijiti chembamba chenye alama za milimita, kishikwe kama kalamu, sambamba na urefu wa jino, na kati ya meno mawili kiinamishwe kidogo ili ncha ifike chini ya mahali yanapogusana. Pima sehemu sita kwa kila jino, tatu upande wa shavu na tatu upande wa ulimi. Nguvu ya gramu 20 hadi 25 inatosha. Ukizidisha, ncha hupenya fizi yenye uvimbe na kukupa kina kisichokuwapo.

Mstari ukiwa umefichwa na fizi, utafute kwa kugusa. Laza ncha kwa pembe ya nyuzi 45 hivi na uitelezeshe polepole: enameli ni laini kama kioo, halafu vidole husikia kijiukingo kidogo, na baada yake mzizi wenye kukwaruza kidogo. Hatua hii haitaki haraka hata kidogo.

Ukingo ukiwa umehamia upande wa mzizi, jumlisha umbali wake kutoka kwenye mstari na kina cha mfuko. Ukiwa upande wa taji, toa. (Usiandike "juu" wala "chini", maana katika taya la juu maneno hayo hugeuka.) Hivyo mfuko wa milimita 4 wenye ukingo milimita 3 upande wa taji ni upotevu wa mshikizo (sehemu ya mzizi iliyoachana na tishu zinazoushikilia) wa milimita 1, lakini ukingo huohuo ukiwa milimita 3 upande wa mzizi, upotevu ni milimita 7. Katika mpangilio wa mwaka 2018 wa hatua za ugonjwa huu, upotevu wa milimita 1 hadi 2 kati ya meno ni hatua ya kwanza, na kuanzia milimita 5 ni ya tatu au ya nne.

Uangalifu huohuo unahitajika mgonjwa anaporudi baada ya kusafishwa meno. Mfuko wa milimita 6 ukisoma 4, angalia ukingo kabla ya kumpa habari njema: ukiwa umerudi milimita 2 kuelekea mzizi, mshikizo uko palepale ulipokuwa.