Mkono ukigoma, simulia
Kwa anayeanza riwaya ya kwanza na karatasi bado nyeupe: usiandike, simulia. Mimi baada ya alasiri hutembea kutoka Darajani hadi Forodhani, mjini Zanzibar, simu sikioni kama naongea na mtu (hakuna anayekushangaa), najirekodi tukio moja tu, dakika 5. Usiku naandika nilichosikia. Hutoka kama kurasa mbili. Mdomo umezoea hadithi tangu enzi za paukwa pakawa, mkono ndio unaoogopa insha za skuli. Ila njia hii haifui dafu ukishaimwaga hadithi nzima barazani: watu wakishacheka, hamu ya kuandika imekwenda. Wala haisaidii kama hujui mhusika wako anataka nini.