Usizifukie mbegu za deizi ya njano ya Australia

Ukipanda Xerochrysum bracteatum, ile deizi ya asili ya Australia yenye maua ya njano makavu kama karatasi, usizifukie mbegu. Tifua udongo wenye mchanga, uloweshe, zitawanye juu, kisha zigandamize kwa kiganja hadi zishike, basi. Mbegu hizi zinahitaji mwanga ili ziote. Ukizifunika, nyingi zitalala humo humo. Ni ndogo, za kahawia, na kila moja ina kishungi cha nyuzi laini, kwa hiyo upepo kidogo au maji ya kumwagia juu huzisukuma zote pembeni. Ndiyo maana mimi huzipanda kwenye trei, kisha naiweka kwenye beseni lenye maji kidogo, udongo unyonye kutoka chini, halafu naitoa mara tu uso unapolowa. Usiisahau humo, maana miche michanga huoza shingo, yaani shina pale linapotoka udongoni, haraka sana. Mbinu hii haifui dafu kivulini, wala kwenye udongo mzito unaotuamisha maji. Hapo hata mche ulioota vizuri utadhoofika. Maua yakianza, kata yaliyochakaa ili mengine yachipuke.