Maharagwe, dadu na mto wa mviringo

Nafundisha fizikia hapa Bukavu, darasa halina kompyuta, na kila mwaka kuna anayeuliza: chembe inayosukumwa ovyo ndani ya maji yanayokwenda, itatulia lini? Huwa najibu kwa maharagwe.

Chora kwa chaki sakafuni mduara wenye vyumba sita, uvipe namba. Kwa nini mduara? Jani likishaingia Ruzizi halirudi Kivu, linajiendea Tanganyika, na sisi tunataka kulifuata muda mrefu. Wanaopiga hesabu hizi kwa kompyuta hufanya vivyo hivyo: chembe ikitokea ukingo huu, huirudisha kwa ukingo wa pili.

Weka maharagwe 30 chumba cha 1, uwagawie wanafunzi watano. Kila zamu, kila haragwe linapigiwa dadu. Ikitoka 1 au 2, linabaki. 3, 4 au 5, linasogea chumba kimoja mbele. 6, linarudi kimoja nyuma. Mbele nafasi tatu, nyuma moja: tofauti hiyo ndiyo mkondo. Bahati ya dadu ni ile misukumo ya molekuli za maji aliyoieleza Einstein mwaka 1905.

Hiyo nafasi ya kubaki usiiruke. Mara ya kwanza nilitumia sarafu, upande huu mbele, ule nyuma. Tulipiga zamu 20, jasho linatutoka, na maharagwe yote yakawa vyumba vya 1, 3 na 5. Zamu iliyofuata, yote 2, 4 na 6. Kijana mmoja wa nyuma akasema, “Mwalimu, haya yanapiga gwaride.” Kweli tupu: shufwa na witiri hazikuchanganyika, na zisingechanganyika hata tungelala pale. (Vyumba saba vingetuokoa pia, lakini nani alikuwa na akili ya kufuta chaki saa ile?)

Kufikia zamu ya 15 yameshatawanyika. Usingoje tano kamili kila chumba. Matatu au saba si ajabu. Hesabu kuanzia zamu ya 16 hadi ya 25, chukua wastani. Rudia ukianzia vyumba vya 3 na 4 tu, kisha mpe mwenzako madaftari mawili akuambie lipi ni la mchezo upi. Hatajua.

Ila kilichotulia ni idadi, maji bado yanakwenda. Paka haragwe moja wino wa biki: kwa wastani linasogea chumba kimoja kila zamu tatu. Lifuate zamu 60 na kila chumba kitalipokea kama mara kumi, ikizidi au kupungua kidogo. Moja kwa muda mrefu linakupa picha ile ile ya 30 kwa mara moja.

Dadu za ludo zinatosha. Yangu moja ilikuwa imelika pembe, ikitoa 6 kupita kiasi, na mto wetu ukazubaa. Vyumba vikabaki na tano tano vile vile.