Maji taka yasikurudie katika chumba cha chini
Katika sehemu kubwa ya jiji la Chicago, maji ya mvua na maji taka ya majumbani hupita katika bomba moja la mtaa, na mvua kubwa inapolijaza bomba hilo, maji hurudi nyuma hadi yatokee kwenye tundu la sakafuni la chumba cha chini ya ardhi, mara nyingi pale pale kando ya mashine ya kufulia. Kwa hiyo, mwite fundi bomba mwenye leseni akufungie vali ya kuzuia maji kurudi, ambayo kifuniko chake cha ndani huruhusu maji kutoka na hujifunga yanapogeuka. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba vali ikishajifunga, maji yako mwenyewe nayo hayana pa kutokea. Nakusihi usifue, usioge wala usivute maji ya choo hadi mvua ipungue. Vali hiyo ikaguliwe na kusafishwa kila mwaka, kwa sababu mafuta ya kupikia yaliyoganda na nywele hukizuia kifuniko kisikae sawasawa. Maji yakiwa yameshaingia, usikanyage humo kabla ya umeme kuzimwa.