SOMO: Kuchagua ndege wa kufuga ghorofani Dar. Anza na nyumba, ndege baadaye

Ndege wangu wa kwanza aliishi siku nne. Nilimnunua kwenye foleni, yumo ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa tobolewa: lavubadi wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, macho yamezungukwa na duara jeupe. Nikampandisha hadi ghorofa ya tatu, Upanga, nikamfungulia sebuleni azoee. Akaruka moja kwa moja hadi kwenye kioo cha dirisha. Pu! Akajizoazoa, akajibanza nyuma ya pazia, hakula. Siku ya nne nikamkuta chini, miguu juu. Hakuwa ndege wa kufugwa yule. Alikuwa ametoka porini, nami sikujua hata cha kuangalia.

Sasa nina baji wawili, wale kasuku wadogo, huu ni mwaka wa sita. Kosa ninaloliona kwa wenzangu wa ghorofani ni lile lile langu: tunachagua ndege kwa rangi, wakati nyumba yenyewe ndiyo inayoamua nani ataishi humo.

Hatua ya 1: Pima kelele

Tafuta mtandaoni sauti ya ndege unayemtamani. Unganisha simu na spika, weka pale unapofikiria kutundika tundu, ongeza sauti ifike kiasi cha mtu anayekuita kutoka chumba cha pili. Funga mlango, toka, kasimame kwenye korido mbele ya mlango wa jirani. Fanya hivyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu jamii ya kasuku hupiga kelele zaidi jua linapochomoza na linapozama. Kama unasikia kila mlio, jirani mwenye mtoto mchanga atasikia pia, na mazungumzo yenu yatahamia kwa mwenye nyumba.

Maghorofa mengi mapya kuta zake ni nyembamba kuliko zile za zamani za mjini. Usimwamini dalali kwenye hili, sikiliza kwa masikio yako.

Hatua ya 2: Chunguza hewa

Hapa ndipo ndege wengi wa ghorofani wanapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ndege hapumui kama sisi. Kwenye mapafu yake hewa hupita kwa mwelekeo mmoja tu, ikisukumwa na mifuko ya hewa iliyosambaa mwilini. Anachota oksijeni vizuri kuliko mtu, lakini na sumu anaichota vizuri vilevile. Wachimba makaa wa Uingereza waliingia na kanari mgodini hadi mwaka 1986 kwa sababu hiyo hiyo: ndege akianguka, watu mbio.

Mgodi wako wewe ni jikoni. Fraipani isiyogandisha chakula, ukiisahau motoni ikapata joto kupita kiasi, hutoa moshi ambao wewe unaweza usiunuse, na ndege akafa ndani ya dakika chache. Nyumba nyingi tunazopanga jiko na sebule vimetenganishwa na kaunta tu. Kama ndiyo hali yako, hamia kwenye sufuria ya kawaida au chuma, au acha wazo la ndege. Mimi fraipani yangu nilimpa shemeji.

Halafu kuna mambo yetu ya pwani. Udi, ubani, koili ya mbu, dawa ya mbu ya kupuliza, jiko la mkaa balkoni siku gesi imeisha. Vyote hivyo ni moshi au sumu kwenye kifua cha kiumbe mwenye uzito wa gramu 35. Sisemi uache kufukiza nyumba. Nasema ujue mapema ndege atakaa chumba gani wakati unafukiza.

Na joto. Ndege hana jasho. Akizidiwa hupanua mbawa na kuhema mdomo wazi. Balkoni inayopigwa na jua la saa tisa mwezi wa pili ni tanuri. Tena balkoni ina kunguru. Hawa kunguru wetu wa Kihindi waliingizwa Zanzibar miaka ya 1890, wakavuka, sasa mji ni wao. Wiki ya kwanza nilitundika tundu nje nikaenda kuchemsha chai. Kurudi, kunguru yuko juu ya reli, shingo kaipinda, anapima nafasi ya waya kwa mdomo kama fundi na futi kamba. Baji wote wawili wamelala tumbo katikati ya tundu, hawapumui kwa woga. Angechelewa kidogo kuniona, mguu wa mmoja ungevutwa. Tangu siku hiyo tundu linakaa ndani, mita moja na nusu hivi toka dirishani, mgongo wake ukutani, mbali na upepo wa kiyoyozi.

Hatua ya 3: Hesabu saa zako

Unatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi mwendokasi, unarudi saa mbili usiku? Basi kokateli (kasuku mwenye kishungi) mmoja peke yake atakuchukia, ataanza kujinyonyoa manyoya. Chukua wawili wadogo, au chukua finchi, ndege wadogo wa kutazama tu, ambao hawana haja nawe. Pia ndege anataka usingizi wa saa 10 hadi 12 gizani. Kama televisheni yenu haizimwi mpaka usiku wa manane, hilo tundu lisikae sebuleni.

Hatua ya 4: Sasa ndiyo uchague

*Baji* (si bajia za dengu) ni kasuku mdogo wa Australia, sentimita 18 kutoka kichwa hadi mkia. Kwangu mimi ndiye wa kwanza kwa ghorofa. Anabwabwaja kutwa lakini sauti haichomi, anazoea mkono, na dume anaweza kuiga maneno ukiwa na subira. Huishi miaka 5 hadi 10. Kutofautisha dume na jike, tazama ile nyama laini juu ya mdomo penye pua: kwa mkubwa, dume ya bluu, jike ya kahawia. Rangi chache za kufugwa hazifuati hii kanuni.

*Kokateli* ni mkubwa zaidi, sentimita 30 na kitu, ana kishungi kinachosimama akishtuka. Mpole, mpiga mluzi mzuri. Lakini hutoa unga mweupe kwenye manyoya kama chaki, kwa hiyo nyumba yenye mtu wa pumu isahau. Anaishi miaka 15 hadi 20. Na ana ugonjwa wa kushtuka usiku: umeme ukikatika ghafla, anaweza kujigonga tundu zima gizani. Weka taa ndogo ya kuchaji karibu.

*Finchi pundamilia na kanari* ni wa kutazama, si wa kushika. Finchi wana sauti kama ya mwanasesere wa kubonyeza, hakuna jirani atakayelalamika. Kanari dume ndiye mwimbaji.

*Lavubadi* ni mzuri kwa macho, lakini sauti yake ni sindano, na jike akiwa na hasira atakutoa damu. Kwa ghorofa yenye kuta nyembamba mimi ninasema hapana.

*Kasuku wa kijivu*, yule anayeongea kama mtu, usimguse. Anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, itabidi umwandike kwenye mirathi. Na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya wale wa porini imepigwa marufuku.

Hatua ya 5: Sheria

Kwa kifupi: chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kukamata au kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa, na ndege wa porini wamo. Lavubadi wa Fischer ni mtoto wa nyumbani, kwao ni kaskazini mwa Tanzania, kuanzia Serengeti hadi kusini mwa Ziwa Victoria. Miaka ya 1980 walikamatwa kwa wingi mno kwenda kuuzwa nje, mpaka idadi ikashuka. Kwa hiyo ukiuziwa bila karatasi yoyote, uliza TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) kabla hujatoa hela.

Hatua ya 6: Simama dakika kumi kwa muuzaji

Usiongee na muuzaji kwanza. Simama mbali kidogo, tazama. Ndege mgonjwa huficha ugonjwa akikuona, ukitulia anajisahau: anajitunisha, anafumba macho mchana, mkia unapanda na kushuka kila akipumua. Angalia chini ya mkia, pawe pakavu na safi. Angalia tundu zima, si mmoja uliyempenda. Mmoja akiwa mgonjwa, ondoka, hata wengine wakiwa wanaruka sarakasi.

Baji mchanga ana mistari kwenye paji inayofika hadi puani. Hufutika akifikisha miezi mitatu, minne. Huyo ndiye anayezoea mkono haraka.

Hatua ya 7: Tundu

Urefu wa kwenda pembeni una maana kuliko wa kwenda juu, ndege si helikopta. Kwa baji wawili usishuke chini ya sentimita 60 kwa 40 kwa 40, na nafasi kati ya waya isizidi sentimita 1.2, vinginevyo kichwa kinapita. Ukimpa fundi wa kuchomelea kazi, mwambie asitumie rangi yenye madini ya risasi. Waya wa mabati una zinki, ambayo ni sumu kwao, na baji hutafuna kila kitu. Usugue kwa brashi na siki, suuza, anika, kisha ndiyo uwaingize. Vijiti vya kutulia kata kwenye mpera, unene tofauti tofauti. Vile vya plastiki vinavyokuja na tundu vinaumiza nyayo.

Chakula: ulezi, uwele, mtama, na kila siku mchicha au karoti. Parachichi ni sumu kwao, usithubutu.

MASWALI YA WANACHAMA

Tabata: Mkuu somo limetulia. Mkataba wangu unasema "hairuhusiwi kufuga mifugo". Ndege ni mfugo?

Mkuu ni dada, ila haina neno. Kuku ni mfugo. Baji sina hakika mwenye nyumba wako atamuita nani. Muombe kwa ujumbe ili jibu libaki kwenye simu, mtumie na ile sauti ya hatua ya 1. Mimi nilipeleka na sahani ya kaimati.

Sinza: Shikamoo mwalimu. Mke wangu lazima afukize udi kila Alhamisi jioni. Nifanyeje?

Marahaba. Mke hatolewi. Kabla hajawasha chetezo, hamishia tundu chumba cha mbali, funga mlango, ziba chini kwa taulo, fungua dirisha la huko. Mrudishe sebuleni harufu ikiisha kabisa, si moshi tu. Kama nyumba ni chumba na sebule bila mlango katikati, hapo sikushauri.

Kigamboni: Mmoja au wawili? Na nikiweka dume na jike si watazaana bure nikauza?

Ukiwa nyumbani muda mwingi, mmoja atakuwa rafiki yako. Ukiwa mtu wa kutoka, wawili, na ningechukua madume. Majike wawili hugombana. Kuhusu kuuza, jike akitaga mfululizo anaishiwa kalsiamu, na yai linaweza kumkwama akafa. Usiweke kiota. Wapatie na mfupa wa ngisi, ule mweupe unaookotwa ufukweni. Chemsha, kausha juani, ning'iniza.

Mbagala: Kuna jamaa anauza lavubadi bei ya kutupa. Nitajuaje kama ni wa porini?

Muulize wote ni rangi ya kijani ileile? Wa bluu na wa njano ya kung'aa kwa kawaida ni wa kufugwa. Tazama mguu: mfugaji makini huvalisha kinda pete isiyo na kiungo akiwa na siku chache tu, haiwezi kuingia kwa mkubwa. Sogeza mkono karibu na tundu. Wakipanda wote kwenye kona moja wakikanyagana na kujigonga, hao jana walikuwa kwenye mibuyu. Bei ya kutupa ndiyo jibu lenyewe.

Magomeni Kota: Njiwa je? Nina jozi nne nyumbani Tanga, nataka kuleta balkoni.

Waache Tanga. Kinyesi cha njiwa kitatua kwenye kamba ya nguo ya ghorofa ya chini yako, na vumbi lake likiingia kifuani kila siku miaka nenda rudi lina ugonjwa wake.

Ilala: Dada samahani naingilia. Baji wangu tangu jana kajitunisha kama mpira, amekaa chini ya tundu, hali. Labda baridi?

Leo Dar ni nyuzi 31. Ndege anayejitunisha kama yuko Makete kwenye joto hili anaumwa, tena amechelewa kukuonyesha. Usimpe dawa za kuku kwa kukisia. Muweke kwenye boksi dogo lenye kitambaa, tandika karatasi nyeupe ili daktari aone kinyesi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, na umpigie kwanza umuulize kama anatibu ndege wadogo, maana wengi wamezoea kuku. Usisubiri kesho. Na wewe nawa mikono, kuna homa ya kasuku ambayo humpata na binadamu.

Ilala: Niko kwenye bajaji tayari, nimemfunika na kanga.

Sawa. Acha upenyo wa hewa, na mwambie dereva apunguze muziki.